Suala moja, waraka mmoja: mwongozo wa kijana kufikisha jambo la kibinadamu kwenye vikao vya Afrika Mashariki

Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu mkoani Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996 kupokea watu waliokimbia vita mashariki mwa Kongo. Mtoto aliyezaliwa humo miaka ile leo ni mtu mzima, pengine ana watoto wake. Alisoma mtaala wa Kongo, nchi ambayo huenda hajawahi kuikanyaga, kwa sababu Tanzania iliamua wakimbizi wasome mtaala wa kwao ili siku ya kurejea wasianze upya. Akimaliza sekondari anabaki na cheti cha nchi moja, makazi katika nchi nyingine, na chuo anachokitamani labda kiko nchi ya tatu.

Shida yake haiwezi kumalizwa na mwalimu wake, wala mkuu wa kambi, wala serikali moja peke yake. Lazima nchi zikae, zizungumze, zikubaliane. Hapo diplomasia ya kanda inakutana na utu, na hapo kijana mwenye subira ana kazi ya kufanya. Nakuandikia wewe uliye Kigoma, Bukavu, Busia, Turkana, Bujumbura au Mombasa, usiye na cheo wala mjomba wizarani, lakini unaona jambo linaloumiza watu na unataka liwafikie wanaoamua. Nitautumia mfano huo wa vyeti kila mahali, kwa sababu maelekezo yasiyo na mfano husahaulika haraka.

Hatua ya kwanza: chagua suala moja linalovuka mpaka

"Amani ya Maziwa Makuu" ni tamaa njema, lakini huwezi kuipeleka ofisini. Suala ni jambo ambalo ukimweleza mtu mnayesubiri naye basi, atalielewa kabla basi halijafika. Cheti cha mkimbizi hakimpeleki chuo. Mtoto yuko makazi ya Nakivale, Uganda, na mama yake yuko kambi ya Mahama, Rwanda, na hakuna anayejua wa kumwona. Mama anayelala Uvira na kuuza Bujumbura anakuta mpaka umefungwa bila taarifa. Hayo ni masuala.

Jiulize mambo matatu kabla ya kuamua. Je, linahusu nchi mbili au zaidi? Kama linahusu kata yako tu, diwani anatosha. Je, kuna ofisi inayojulikana yenye mamlaka ya kulibadilisha? Na je, unaweza kuwafikia wanaoumia kwa nauli yako mwenyewe? Swali la tatu ndilo linalowaangusha wengi. Kijana wa Dar es Salaam anachagua Darfur kwa sababu ameiona kwenye simu, akaliacha suala la Warundi walioko ndani ya nchi yake. Uchungu wake ni wa kweli, lakini hatamfikia hata mtu mmoja wa kumwambia, "Hapo umekosea, haikuwa hivyo."

Vijana wa Goma waliounda vuguvugu la Lucha mwaka 2012 walianzia kwenye mambo ya mtaani kwao, maji safi na ajira. Mwaka 2016 Amnesty International iliwapa tuzo yake ya Balozi wa Dhamiri, pamoja na vuguvugu za vijana wa Senegal na Burkina Faso. Walifika mbali wakiwa wameshika kitu wanachokijua.

Hatua ya pili: soma karatasi chache, uzisome vizuri

Huhitaji shahada ya uhusiano wa kimataifa. Unahitaji daftari, na kila kifungu unachokitegemea ukinakili kwa namba yake na tarehe ya mkataba wenyewe. Ofisa anaweza kupuuza hisia zako. Kifungu ambacho nchi yake ilikitia saini ni vigumu zaidi kukipuuza.

Anza na Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuhusu wakimbizi, uliotiwa saini Addis Ababa tarehe 10 Septemba 1969. Ibara yake ya pili inasema kwamba kumpa mtu hifadhi ni tendo la amani na la kibinadamu, na hakuna nchi inayopaswa kulichukulia kuwa uadui. Kishike kifungu hicho. Katika ukanda huu, ambako kila kundi la wakimbizi lina serikali jirani inayolitazama kwa jicho la shaka, maofisa wengi wanaogopa kulisema jambo la wakimbizi wasije wakaonekana wanaichokoza nchi jirani. Ukiwaonyesha kwamba marais wa Afrika walilimaliza swali hilo mwaka 1969, umewapa pa kusimama.

Kisha soma Mkataba wa Vijana wa Afrika, uliopitishwa Banjul mwaka 2006 na kuanza kutumika mwaka 2009. Ibara ya 17 inahusu amani na usalama. Halafu Azimio namba 2250 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la tarehe 9 Desemba 2015, lenye nguzo tano: ushiriki, ulinzi, kuzuia migogoro, ubia, na kuwarejesha katika jamii waliowahi kushika silaha. Zingatia umri. Kwa Umoja wa Afrika kijana ni mtu wa miaka 15 hadi 35, kwa azimio hilo ni 18 hadi 29. Ukiwa na miaka 32 unaweza kuwa kijana kwenye fomu moja na usiwe kijana kwenye nyingine, kwa hiyo soma masharti kabla hujapoteza muda kujaza.

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, unaitaja Jumuiya katika ibara ya 7 kuwa inayowaweka watu mbele. Ibara ya 30 inampa mkazi yeyote wa nchi mwanachama haki ya kwenda Mahakama ya Afrika Mashariki kupinga kitendo cha serikali kinachokiuka mkataba huo, lakini ndani ya miezi miwili tu tangu kitendo kifanyike au akijue. Vijana wengi hulijua hilo mwezi wa tatu. Kama suala lako linaelekea mahakamani, mwone wakili mapema.

Ongeza sheria ya wakimbizi ya nchi uliyopo: Tanzania ni ya mwaka 1998, Uganda 2006, Kenya 2021. Mwisho, tafuta karatasi moja au mbili za suala lako hasa. Kwa vyeti, kuna mkataba wa Addis Ababa wa mwaka 2014 kuhusu kutambuana kwa masomo barani Afrika, ulioanza kutumika mwaka 2019. Kuna pia tamko la wakuu wa nchi za Jumuiya la mwaka 2017 la kuifanya Afrika Mashariki eneo moja la elimu ya juu, linalosimamiwa na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lenye makao Kampala. Hizo zinatosha kwa mwanzo.

Hatua ya tatu: shika kazi ya mikono kabla ya kipaza sauti

Juni 1859, mfanyabiashara wa Uswisi aitwaye Henry Dunant, akiwa na miaka 31, alifika karibu na Solferino, kaskazini mwa Italia, na kuwakuta maelfu ya askari waliojeruhiwa wakiachwa wafe. Hakuanza na hotuba. Aliwakusanya wanawake na vijana wa mji wa Castiglione, wakafunga vidonda na kuwanywesha maji askari wa pande zote bila kuuliza wa nani. Kisha akaandika alichokiona. Maandishi yale yakazaa kamati mwaka 1863, ambayo ndiyo chanzo cha Msalaba Mwekundu, na kamati ikazaa Mkataba wa kwanza wa Geneva mwaka 1864. Mikono, kisha maandishi, kisha mkataba. Sijaona mpangilio bora kuliko huo.

Kwa hiyo nenda kwenye tawi la Msalaba Mwekundu lililo karibu nawe, ujiandikishe kuwa mtu wa kujitolea. Tanzania chama hicho kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1962, Kenya mwaka 1965, na matawi yapo hadi wilayani na kwenye kaunti. Utafundishwa huduma ya kwanza, usafi wa maji, kuandikisha watu baada ya mafuriko, kusimamia foleni ya mgao bila mtu kukanyagwa. Omba pia ufundishwe huduma ya kuunganisha familia zilizotengana, kwa sababu ndiyo inayofungua macho kuliko zote. Mtu anayemtafuta ndugu yake anajaziwa fomu, au anaandika ujumbe wa Msalaba Mwekundu, barua ya wazi isiyofungwa bahasha, yenye habari za familia tu: tuko hai, mtoto amezaliwa, baba amefariki, tuko kambi fulani. Siasa hairuhusiwi humo hata mstari mmoja, kwa sababu mstari huo mmoja unaweza kumzuia asiyejua kitu asiipate habari ya mama yake. Ukikaa mezani na bibi asiyejua kuandika, ukamwandikia sentensi nne kwa mwanawe, utaelewa diplomasia kuliko kwenye semina.

Msalaba Mwekundu una misingi saba: ubinadamu, kutopendelea, kutoegemea upande, uhuru, kujitolea, umoja na umataifa. Wa tatu ndio unaowashinda vijana wa siku hizi, kwa sababu ya simu. Ukiwa umevaa ile jaketi, huwezi jioni kuandika mtandaoni nani mchokozi kati ya Kinshasa na Kigali. Watu wa kambi wanasoma. Wenye silaha nao wanasoma, na kesho gari la wagonjwa ndilo linalozuiwa njiani. Kama dhamiri yako inakusukuma kusema hadharani, una haki, ila usivae kofia mbili: chagua kikundi cha utetezi, uwaachie wenzako jaketi. Ninawaheshimu wanaochagua njia yoyote kati ya hizo. Anayezichanganya anawaweka wengine hatarini.

Kukataa kuwagawa watu kumewagharimu vijana wa ukanda huu maisha. Tarehe 18 Machi 1997, katika shule ya sekondari ya Nyange, Rwanda, washambuliaji waliwaamuru wanafunzi wajitenge Wahutu na Watutsi. Walikataa. Wiki chache baadaye, tarehe 30 Aprili, wanafunzi wa seminari ndogo ya Buta, Burundi, walipewa amri ileile, nao wakakataa, na 40 kati yao wakauawa. Kila unapoombwa kuandika orodha ya watu kwa makabila yao "kwa matumizi ya ofisi", wakumbuke hao, kisha uliza kwanza orodha inakwenda wapi.

Kama hakuna tawi karibu, wasaidieni watu kwa mlichonacho. Sudan, vita vilipoanza Aprili 2023 na mashirika mengi makubwa yakaondoka, vijana wa mitaa walianzisha vyumba vya dharura: majiko ya pamoja, dawa, njia za kuwatoa watu kwenye mapigano. Kazi hiyo ilitambuliwa kwa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2025. Walichokuwa nacho mwanzoni ni kujuana na kuaminiana.

Hatua ya nne: jilinde, na uwalinde zaidi unaowasemea

Sehemu hii usiiruke.

Usiingie kambini bila kibali. Tanzania kibali hutolewa na Wizara ya Mambo ya Ndani kupitia idara inayohusika na wakimbizi, na ukifika unaripoti kwa mkuu wa kambi. Kenya ni Idara ya Huduma kwa Wakimbizi. Kuingia kwa ujanja kunaweza kukutoa wewe salama, akabaki mwenyeji wako akihojiwa.

Usipige picha ya uso wa mtu kwa sababu tu amekubali. Mtu mwenye njaa mbele ya mgeni mwenye kamera hukubali mengi. Mweleze picha itaonekana wapi, na wanaomtafuta kwao wanaweza kuiona. Mikono, migongo na vitu vinatosha kueleza. Majina halisi yasiingie kwenye makundi ya WhatsApp. Andika namba kwenye maelezo, na orodha ya majina na namba itunzwe na mtu mmoja kwenye daftari tofauti.

Usiahidi kitu. Usiseme "nitakusaidia upate chuo". Sema, "Nitaandika ulichoniambia na kukipeleka mahali fulani, na nitarudi kukuambia walichosema."

Na hili liko wazi kabisa: mtu wa kujitolea haruhusiwi kubadilishana msaada, nafasi kwenye orodha, au hata neno zuri, kwa ngono. Uhusiano wa kingono na aliye chini ya miaka 18 umekatazwa bila kisingizio cha kutojua umri. Ukiona mwenzako anafanya hivyo, toa taarifa kwa njia ya malalamiko ya shirika hilo. Linapomhusu mtoto, namba 116 inapokea simu bure Tanzania na Kenya.

Hatua ya tano: sikiliza, pima, andika

Zungumza na watu wachache lakini wa aina tofauti. Kwa suala la vyeti, usiishie kwa wavulana wanaokaa karibu na geti na wanaojua Kiingereza. Mtafute msichana aliyemaliza na kuolewa, mwalimu, mzazi, na aliyefanikiwa kupita, kwa sababu yeye ndiye anayejua njia. Kwa Mrundi mwenye umri mkubwa anayesema Kirundi tu, tafuta mkalimani, na kwa mwanamke awe mwanamke. Salamu ya wenyeji iende mbele ya maswali. Kaa unapokaribishwa kukaa.

Mwombe akuonyeshe karatasi yenyewe. Anakwenda ndani, anatoa bahasha ya kaki iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni ili mvua isiifikie, na humo mna cheti kilichokunjwa mara nne hadi mikunjo imekula herufi, au hamna cheti, mna fotokopi ya fotokopi, au ni barua ya mwalimu mkuu tu. Andika unachokiona: ni nakala halisi au la, muhuri unasomeka au hausomeki, jina kwenye cheti linafanana na la kitambulisho cha ukimbizi au herufi zimepishana. Tofauti ya herufi moja kati ya tahajia ya Kifaransa na ya Kiingereza inaweza kuwa ndiyo shida nzima, na hakuna kikao kitakachoijua kama hukuiandika.

Palipo na kipimo kinachokubalika, kitumie. Viwango vya Sphere, wanavyofuata mashirika ya misaada, vinataja angalau lita 15 za maji kwa mtu kwa siku na choo kimoja kwa watu wasiozidi 20. Ukisema "maji ni machache" utajibiwa kwamba hata mjini ni machache. Ukisema umehesabu madumu kwenye bomba fulani kwa siku fulani na yamefikia lita kadhaa kwa kila mtu, mazungumzo yanabadilika.

Hatua ya sita: waraka wa ukurasa mmoja

Mbunge wa kanda au ofisa wa wizara anapokea makabrasha kila siku. Ukurasa mmoja atausoma akiwa kwenye gari. Uwe na mambo haya kwa mpangilio huu: kinachotokea na wapi, kinamwumiza nani, karatasi gani inahusika, jirani anafanyaje, na unaomba nini kutoka kwa nani. Hapa pana kielelezo cha kuiga umbo lake, huku mambo yakiwa yale uliyoyathibitisha mwenyewe:

"Mheshimiwa, vijana wanaomaliza sekondari kwa mtaala wa Kongo katika kambi ya Nyarugusu hupata shida kuendelea na chuo ndani ya Jumuiya. Utaratibu wa kulinganisha vyeti vya kigeni upo. Kwa Tanzania vyeti vya sekondari hushughulikiwa na Baraza la Mitihani (NECTA), na vya vyuo vikuu na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Tuliozungumza nao wametaja vikwazo vitatu: nakala halisi zilizopotea njiani, ada, na kibali cha kutoka kambini. Kenya, Uganda na Rwanda huwasomesha wakimbizi kwa mtaala wa nchi inayowapokea, hivyo kijana wa kambi ya Kakuma hufanya mtihani wa taifa wa Kenya na kikwazo hiki hakimkuti. Hatuombi mtaala ubadilishwe. Tunaomba Bunge la Afrika Mashariki lilishauri Baraza la Mawaziri kuagiza Baraza la Vyuo Vikuu liandae utaratibu mmoja wa kuwapokea waombaji wakimbizi wasio na nakala halisi."

Tazama ombi. Ni dogo, lina mwenyewe, na linaweza kujibiwa ndiyo au hapana. Waraka unaoomba "serikali zote ziwajali vijana" hauna wa kuujibu, hivyo haujibiwi. Tazama pia mfano wa majirani: nchi haipendi kufundishwa, lakini inapenda kujua jirani amefanyaje.

Andika kwanza kwa Kiswahili, mkubaliane wote wenye jambo, ndipo mtafsiri. Ibara ya 137 ya mkataba wa Jumuiya inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya mawasiliano mapana itakayoendelezwa, lakini lugha rasmi iliyotajwa hapo ni Kiingereza, na kwa Bujumbura na Kinshasa Kifaransa kitakusaidia sana. Kila tafsiri isomwe na mtu wa pili. Chini weka majina ya waandishi, si ya waliohojiwa, na namba ya simu inayopatikana.

Hatua ya saba: mlango upi

Hapa wengi hupotea kwa kuruka juu sana. Barua kwa marais wote inapendeza mtandaoni na kuishia masjala. Fahamu ngazi: Mkutano wa Wakuu wa Nchi huamua kwa maafikiano, Baraza la Mawaziri hupanga sera, Sekretarieti iliyopo Arusha hutekeleza, na Bunge la Afrika Mashariki hutunga sheria, huhoji na kushauri. Kwa kijana asiye na cheo, Bunge ndilo mlango wa kwanza.

Kila nchi mwanachama ina wabunge tisa wa kuchaguliwa. Bunge huketi Arusha, na mara nyingine huzunguka miji mikuu, kwa hiyo fuatilia ratiba usije ukatumia nauli bure. Chagua wabunge wawili: mmoja wa nchi yako, mmoja wa nchi nyingine inayoguswa na suala. Angalia kamati zao. Masuala ya Jumla hushughulikia mambo kama elimu na afya. Masuala ya Kikanda na Utatuzi wa Migogoro hushughulikia amani na usalama. Mkiwa wengi mnaweza kuwasilisha ombi rasmi lenye saini, kwa lugha ya heshima, lakini lisitangulie kabla hamjazungumza na mbunge atakayelisimamia. Ombi lisilo na mtu wa kulisemea ndani ya ukumbi hukaa kwenye kabati. Asiyekuwepo na lake halipo.

Sambamba na hapo, peleka nakala kwa wizara yenu. Tanzania ni Wizara ya Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki. Kenya na Uganda zina wizara zinazobeba jina la Jumuiya. Omba ugongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Peleka nyingine ofisi ya UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi. Kama suala linahusu Kongo, Sudan Kusini au Somalia, kumbuka nchi hizo sasa ni wanachama: Sudan Kusini tangu 2016, Kongo 2022, Somalia iliyokamilisha uanachama Machi 2024. Nazo zina haki ya kuwa na wabunge wake vilevile.

Wanafunzi wa vyuo vikuu wana njia ya ziada, mdahalo wa kila mwaka wa Jumuiya ambao washindi wake huwa mabalozi vijana. Shiriki kama unaweza, lakini nenda na suala lako. Ubalozi bila suala huisha na mwaka wake.

Ukialikwa

Shughulikia hati ya kusafiria mapema. Kati ya Kenya, Uganda na Rwanda kitambulisho cha taifa kinatosha kuvuka. Kwingine jiandae na pasipoti au hati ya dharura kutoka Uhamiaji, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Mkimbizi unayetaka asafiri nawe anahitaji vibali vyake, na vinachukua muda mrefu zaidi. Anza navyo kabla ya chako. Ikishindikana, omba azungumze kwa video, usisome tu maneno yake.

Kikaoni utapewa dakika tatu. Zitumie kusema ombi kwanza, sababu baadaye, kwani mwenyekiti anaweza kukukatisha. Salimia itifaki kwa sentensi moja. Wakati wa chai usiwafuate mawaziri. Mfuate mtaalamu anayeandika taarifa ya mkutano, mpe waraka, muulize kama suala linaweza kuingia kwenye muhtasari. Kilichoandikwa humo ndicho kitakachofuatiliwa na kikao kijacho.

Kuhusu pesa, anzeni na michango midogo ya nauli na fotokopi, na mweke daftari la matumizi ambalo mtu yeyote anaweza kulifungua. Msipokee hela za mtu anayetaka kubadilisha ombi lenu, hata awe mkarimu vipi. Fedha za mashirika nazo si za kutegemea: misaada ya Marekani ilipokatwa mwaka 2025, mgao wa chakula ulipunguzwa katika kambi za Kakuma na Dadaab, Kenya, sembuse miradi ya vijana.

Hatua ya mwisho: rudisha jibu, na umwandae wa kukupokea

Rudi kwa waliokuambia. Nenda mwenyewe, au mpigie simu kiongozi wao, useme barua ilipokelewa tarehe gani, na nani, na amesema nini. Kama jibu ni hapana, waambie ni hapana na sababu iliyotolewa. Kama hakuna jibu, waambie hivyo pia, na siku utakayofuatilia tena. Wakimbizi wamehojiwa na wageni wengi ambao hawakuwaona tena, na anayerudi, hata mikono mitupu, husikilizwa safari ya pili kwa namna nyingine kabisa.

Fuatilia kila baada ya miezi mitatu kwa barua fupi inayotaja tarehe ya ile ya kwanza. Masuala haya huchukua miaka, na ninyi mtaajiriwa, mtaoa na kuolewa, mtahama. Kwa hiyo tangu mwanzo wekeni faili: nakala zenye mihuri, nani alizungumza na nani, vifungu mlivyovitumia, na makosa ya kuepuka. Mkabidhi mtu mwenye miaka 20, si mwenye 34. Safari yake ya kwanza ofisini uende naye, umtambulishe kwa jina kwa karani anayepokea barua.